Mahali Pasipoonyeshwa kwa Kidole

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu palikuwa na mahali ambapo kila mtu alipajua na hakuna aliyepataja. Hapakuwa na mti wa kutisha wala jiwe la ajabu. Barabara ilizama tu kidogo pale, kama godoro la kitanda cha zamani, kisha ikainuka tena na kuendelea na safari yake ya kwenda Lubutu. Mgeni angepita hapo kila siku bila kugeuza shingo. Sisi tulipita tukiangalia mbele, tumenyamaza, na tulipofika upande wa pili tuliendelea na mazungumzo pale tulipoyaachia.

Sasa mimi ni karani wa mahakama Kisangani, naishi Mangobo, na kazi yangu ni kuandika maneno ya watu waliolazimishwa kusema. Kazi hiyo imeniondolea mshangao mwingi. Lakini kila ninapomwona shahidi mzee anaulizwa swali jepesi kabisa, naye anainamisha macho na kuangalia miguu yake, namkumbuka bibi yangu mzaa baba na ile barabara. Nitaeleza kama ninavyoandika kesi, jambo baada ya jambo, ingawa kesi hii inanihusu.

Kwetu bibi huitwa koko, na wangu sikuwahi kumwita jina jingine. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, upande wa juu wa barabara, karibu sana na mahali pale. Niliishi naye kwa sababu mama yangu alikuwa safarini mara nyingi, akipeleka makemba, yaani ndizi za kupika, na mafuta ya mawese kwenye soko la mjini, na nyumba ya Papa ilijaa wadogo zangu kama kikapu cha vifaranga. Kwa hiyo mambo ya dunia niliyajua kwanza kutoka kwa Koko, na Koko hakuwa mwanamke wa maneno mengi.

Tulikuwa na vijito viwili. Loyo alipita upande wa juu, nyuma ya nyumba yetu. Asele alipita upande wa chini, ndani ya msitu. Nasema alipita, kama mtu, kwa sababu ndivyo tulivyowasema: Loyo ni mume, Asele ni mke. Siku za kawaida kila mmoja alikaa kwake. Lakini iliponyesha mvua kubwa ya kweli, ile ambayo kuku wenyewe hukata tamaa, Loyo alitoka kitandani mwake akaenda kumwona mkewe, na njia yake ilivuka barabara pale ilipozama. Ndiyo maana hapakujengwa, hapakulimwa, wala hapakutupwa hata ganda la muhogo. Ukimfungia bwana njia ya kwenda kwa mke wake, wazee walisema, anarudi na hasira, anaingia katika nyumba ya wale wanaomfagilia, na hatoki humo bila mtu.

Wanaomfagilia tulikuwa sisi. Kabla ya mvua kubwa, asubuhi ambayo Koko peke yake aliijua, aliwaita shangazi zangu na binti zao, na mimi nilipofika umri wa kushika mfagio nikaitwa pia. Tulitoka na mapanga na mifagio ya vijiti vya mchikichi. Hatukusalimia mtu njiani. Tulianzia ukingoni mwa Loyo, tukakata mitambaazi, tukaondoa matawi yaliyoanguka, tukafagia majani makavu katika mkondo mkavu mpaka barabarani, tukavuka, tukaendelea vivyo hivyo msituni mpaka kwa Asele. Wanaume waliotukuta waligeuza nyuso, hata Papa. Mwishoni Koko aliacha kemba la kuchoma juu ya jani, tukarudi nyumbani na migongo inayouma.

Mara yangu ya kwanza nilinyoosha kidole na kuuliza kama tufagie na kule kwenye mianzi. Koko alinifinya mkono mpaka machozi yakanilenga. Jibu nililipata jioni tu, nyumbani, akiwa anapepeta mchele bila kuniangalia.

"Ile pahali mutu haionyeshaka na kidole," alisema. "Mugeni haambiwaka. Mwenye anaionyesha, hafikaka mvua ingine."

Nilimuuliza basi watu wapya watapajuaje. Akasema atakayeshika mfagio atajua. Kwake hilo lilitosha, akarudia mchele wake.

Nikiwa mtu mzima nimekutana na wataalamu wa barabara katika kesi za mashamba na mipaka, na nimesikia wakieleza jinsi mkondo wa mafuriko unavyotakiwa kusafishwa kabla ya msimu. Nilikuwa nikiandika huku nikicheka kimoyomoyo. Wenzetu wanaita matengenezo, sisi tuliita adabu kwa bwana wa watu. Kazi ilikuwa ileile, na migongo iliuma vilevile.

Barabara yetu siku hizo ilikuwa barabara kwa jina. Pale pasipotajwa palikuwa na tope la kudumu. Malori yalizama mpaka matumbo yakagusa udongo, na abiria wa Kisangani walilala siku nzima juu ya magunia wakila maboke, samaki wa kuivishwa ndani ya majani, waliyowapikia mama zetu. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba barabara itajengwa upya, kijiji kilifurahi, ukiwatoa wapika maboke.

Mhandisi aliyeletwa alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, mzaliwa wa Maniema, Mwislamu, mpole kiasi cha kuwachosha watu waliozoea wakubwa wa kupiga kelele. Alikataa pombe ya mawese kwa heshima na akala muhogo wetu kwa furaha. Naye hakuwa mtu wa kukata na kupita. Miti mikubwa aliiacha, isipokuwa ile ambayo kivuli chake kilizuia barabara isikauke. Udongo mwekundu aliuchimba katika kilima kimoja tu, na alipomaliza akawaamuru vijana warudishe juu yake ule udongo mweusi walioutenga mwanzoni, ili msitu upate pa kuanzia. Kwenye kingo za barabara alipanda majani yenye mizizi mirefu. Alipenda kutuambia kwamba barabara haipigani na maji, inapatana nayo. Nilimsikia kwa masikio yangu, na leo bado naona alisema kweli.

Basi siku ya mkutano wa kwanza, kijiji kizima kikiwa kimekaa, aliuliza swali ambalo mtu mwenye akili angeuliza. Ilikuwa kiangazi, mkondo mkavu, majani yamefunika kila kitu, na mwaka huo tulikuwa bado hatujafagia.

"Ba papa na ba mama," alisema, "mvua mukubwa ikinyesha, maji inapitaka wapi?"

Nilikuwa nimekaa miguuni pa Koko. Nakumbuka jinsi mkutano ulivyotulia. Wazee waliangalia miguu yao. Wanawake waliwapanga watoto mapajani. Mhandisi alisubiri, akarudia swali kwa Kifaransa, kana kwamba tatizo lilikuwa lugha. Mwishowe kapita wa kijiji, yaani mkuu wetu, alikohoa akasema maji yanapita kule darajani. Hakusema uongo. Siku za kawaida Loyo alipita darajani, mbali kidogo na kijiji. Mhandisi akashukuru na kuandika.

Katika watu wote, mmoja angeweza kusema bila kuogopa laana, na huyo alikuwa Papa. Yeye alisoma mjini miaka michache, akarudi na saa ya mkononi na tabia ya kuwacheka wazee. Mambo ya mume na mke wa maji aliyaita mambo ya wamama. Lakini hakusema. Alimwonea haya mhandisi. Hakutaka mtu wa miwani ajue kwamba mama yake mzazi anafagia msitu kwa ajili ya kijito kilichooa. Basi wazee walinyamaza kwa hofu, Papa akanyamaza kwa aibu, na kimya kilikuwa kimoja tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi kijiji kizima tulikuwa tumejifunika mpaka kichwani.

Papa alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya barabara, kwa sababu ya saa, naamini. Kazi ya kamati ilikuwa kusafisha mifereji na kulinda kizuizi cha mvua: mvua ikinyesha, gogo linashushwa barabarani, malori yanangoja mpaka udongo ukauke, ndipo yanapita. Bila hivyo lori moja lenye haraka huharibu katika asubuhi moja kazi ya mwaka mzima. Madereva walimtukana Papa kwa lugha zote za njia ile, naye aliangalia saa yake na kungoja. Aliipenda barabara ile. Sikuwahi kumwona akipenda kitu hivyo.

Tingatinga lilipofika mahali pasipotajwa, lilianza kujaza. Mhandisi alitaka kuinua barabara juu ya tope, jambo la haki kabisa kwa mtu anayeona tope tu. Bomba la zege la kupitishia maji aliliweka mbali na pale, kuelekea darajani, tulikomwambia. Asubuhi ya kwanza ya kazi hiyo Koko alichukua mfagio wake, akaenda peke yake, akaanza kufagia mbele ya tingatinga.

 Alifagia kutoka upande wa Loyo mpaka upande wa Asele, akageuka, akafagia tena. Dereva alizima mashine. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa. Mimi nilielewa anachofanya: alikuwa anasema bila kusema, kwa njia pekee aliyoruhusiwa. Mhandisi alimwendea kwa adabu akamuuliza mama anatafuta nini. Koko akajibu anafagia tu. Msimamizi wa vibarua akamnong'oneza mhandisi kwamba mama huyu anataka kazi na anaona haya kuomba, na mhandisi, kwa moyo wake mwema, akamwandika katika kikundi cha wanawake wa kusafisha mifereji, akampa na fulana ya njano inayong'aa. Koko angekataaje bila kueleza? Aliichukua. Aliitundika juu ya kamba ya nguo kuwatisha kuku wasile muhogo uliokuwa ukikauka. Shangazi zangu walicheka mpaka wakakaa chini, na hata mimi nilicheka, ingawa usiku ule sikulala vizuri.

Kwa maana mimi nilikuwa mtu wa nyumba ile. Wazee walisema Loyo akifungiwa njia ataingia kwa wanaomfagilia na kuchukua mtu, na ndani ya nyumba tulilala wawili tu. Nilimpima Koko na kujipima mwenyewe. Yeye alikuwa mzee, mimi nilikuwa mdogo, na sikujua bwana wa maji anapendelea lipi. Nilipomwambia Papa, aliniambia niache kusikiliza hadithi, akanipa bomboni ninyonye.

Barabara ilikamilika, nzuri, nyekundu, imeinuka kifua mbele. Mvua ndogo zilikuja na kupita, maji yalifuata mifereji mpaka bombani na darajani, na hakuna lori lililozama. Papa alitembea juu yake jioni mikono nyuma kama mwenye shamba. Koko naye, kila mawingu yalipojikusanya, aliweka kikwembe chake na gauni langu karibu na mlango. Tulilala na nguo za kutokea.

Mvua yenyewe ilianza asubuhi, baada ya siku nyingi za mvua nyingine zilizokuwa zimekwisha kulowesha msitu. Ilinyesha bila upepo, nzito, nyuzi zake zimenyooka. Mara nikaona maji mekundu yanaingia uani kutoka nyuma, polepole, yakibeba majani. Hayakuwa na haraka. Yalizunguka jiko, yakanyanyua sufuria na kuiweka pembeni, yakapanda kizingiti. Barabara mpya ilisimama mbele ya nyumba kama ukuta, na maji yalipoifikia yaligeuka, yakarudi kwetu.

Papa alikuja akikimbia na jembe begani. Aliniinua akanipeleka kwake, upande mwingine wa barabara. Niliteremka mgongoni pake na kumfuata tena aliporudi, kwa sababu Koko hakuwa ametoka. Nilisimama juu ya tuta la barabara nikaona kila kitu. Ndani ya mlango uliokuwa wazi Koko alikuwa amekaa kitandani, maji magotini, mikono mapajani. Papa alimshika, akamsihi, akamvuta. Koko alishikilia mguu wa kitanda.

"Anakuja kwa mimi," alisema. "Muache anikute. Mutoto abaki."

Hapo nilielewa kwamba naye alikuwa amenipima, akachagua. Nililia kwa sauti mbele ya watu wote, na sikuona haya.

Papa alitoka. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kumeguka, na mtu wa kwetu anajua kwamba ukuta wa udongo ukianza haukawii. Kulikuwa na njia moja tu ya kuyaondoa maji yale, kuikata barabara, na Papa ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Malori mawili yalikuwa yanangoja, abiria wamejikunyata chini ya turubai, wanaangalia. Mtu mmoja alimkumbusha Papa kwamba barabara ni ya serikali na anayeikata anafungwa. Alisimama hapo na jembe lake muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno.

Kisha alitembea juu ya tuta, akapita mbele yangu, akasimama na kupiga jembe. Hakutafuta mahali. Chini ya udongo ule mpya, ulionyooka wote sawasawa, bila alama yoyote, mtu aliyecheka mambo ya wamama alikwenda moja kwa moja pale pasipotajwa. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Wanaume wengine walimtazama, wakaangaliana, wakachukua majembe. Walikata mfereji wenye upana wa jembe, na mengine maji yaliyafanya yenyewe. Barabara ilifunguka kama mlango, na Loyo akapita kwa mngurumo kuelekea kwa Asele. Uani maji yalishuka. Nusu ya nyumba ilianguka nyuma ya Koko, naye akatolewa akiwa mzima, anatetemeka, na kikwembe kimemganda mwilini.

Malori yalirudi Kisangani na habari, na habari za kukatwa barabara hufika mjini kabla ya lori lenyewe. Mvua zilipopumzika kidogo, mhandisi alikuja kwa pikipiki, na nyuma yake pikipiki nyingine imembeba polisi. Kijiji kilikusanyika tena palepale kando ya lile pengo. Polisi alitaka mtu mmoja, na Papa akajitokeza. Hakukana. Mhandisi, bila hasira, aliuliza kitu kimoja tu: kama nia ilikuwa kuokoa nyumba, kwa nini hawakukata hapo karibu na uwanja, penye tuta dogo, wakaja kukata huku penye tuta nene kuliko kote?

Papa aliangalia miguu yake. Wazee waliangalia miguu yao. Mhandisi alingoja kama alivyongoja siku ya mkutano. Polisi alisema basi jibu litapatikana mjini, akamshika Papa kiwiko na kuanza kumpeleka kwenye pikipiki. Papa alikwenda naye. Alikuwa anakwenda jela bila kufungua mdomo, yeye asiyeamini, na nilipata hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Koko alitoka katikati ya wanawake. Tangu siku ile alikuwa anakohoa na tulikuwa tumemvika sweta la Papa. Alisimama mbele ya mhandisi, mchana kweupe, akanyoosha mkono wa kulia na kidole, akakielekeza kwenye pengo. Shangazi yangu mkubwa alijifunika uso. Nami niliuogopa mkono ule kuliko nilivyoogopa maji.

"Ni pale," alisema. "Bwana anapitaka pale. Tangu mama yangu hajazaliwa, anapitaka pale. Achilia mutoto yangu."

Kisha akakigeuza kidole, akaonyesha alikotoka Loyo, akaonyesha alikolala Asele, akaeleza yote: mume, mke, mifagio, njia. Alieleza polepole, akipumzika kukohoa. Mhandisi alichuchumaa kumsikiliza. Alipomaliza, mhandisi aliomba aonyeshwe, wakaenda pamoja msituni, Koko amemshika mkono, mpaka kwa Asele na kurudi. Aliona mchanga wa mkondo, aliona takataka za mafuriko ya zamani zimenasa kwenye mizizi juu ya goti lake. Aliporudi alimwambia polisi amwachie mtu huyu, kwamba kosa liko katika barabara na barabara aliijenga yeye. Waliongea kando. Polisi aliondoka peke yake, amenuna.

Ndipo mhandisi alipomuuliza Koko, kwa sauti ya chini, bila kumlaumu, kwa nini hakumwambia tangu mwanzo, maana aliuliza.

"Uliuliza muzuri," Koko alimjibu. "Mimi nilikuwa bado napenda kuishi, mutoto yangu."

Mhandisi alifungua daftari lake, akakifuta alichoandika siku ya mkutano. 

Aliijenga upya pale. Hakuiinua. Aliishusha, akaitandika mawe makubwa yaliyofungwa kwa saruji, pana, ili maji ya mvua kubwa yapite juu yake bila kuibeba, na magari yangoje maji yaishe. Pembeni alipanda majani na kuiacha miti. Aliwaomba shangazi zangu waendelee kusafisha mkondo kama zamani, nao walikubali, ingawa sasa wanasalimia watu njiani na wakichoka wanakaa kupiga soga. Niliwahi kufagia pamoja nao likizoni. Kazi inaenda haraka zaidi, na haina ladha ile.

Koko alihamia nyumbani kwa Papa. Kikohozi hakikuisha. Alipelekwa hospitali mjini, wakasema mapafu, wakampa dawa, akarudi, akala vizuri siku kadhaa na kumsema vibaya mama yangu kwa kuunguza wali, tukafikiri amepona. Alifariki kiangazi, mvua kubwa zikiwa bado hazijarudi.

Wazee hawakusema kitu kwenye matanga. Hawakuhitaji. Papa alisema ni maji, alikaa mno ndani ya maji ya baridi kwa umri wake, na daktari alikubaliana naye. Sina sababu ya kumpinga daktari. Lakini Papa huyohuyo hajawahi tena kucheka mambo ya wamama, na siku tulipomzika alivua saa yake akaitia mfukoni, na sikumwona nayo tena.

Bado napita njia ile nikienda kumwona Papa. Mwaka huu mvua ilinikuta hapo, nikasimama na wengine kungoja Loyo apite. Kijana wa pikipiki aliyenibeba alikasirika, akasema aliyejenga hapa alikuwa mvivu, angeinua barabara kidogo tu tusingelowa. Nilimwambia azime injini, maji hayakawii. Akazima, akaanza kuangalia simu yake.

Wenzangu mahakamani niliowasimulia hupenda kuniuliza kama mimi naamini. Nimekwisha kuona kwamba hilo ni swali la watu waliokaa pakavu. Imani yangu haikuombwa siku ile. Koko ndiye aliyeamini, na hakukuwa na chembe ya shaka ndani yake. Alipomwona mwanawe anachukuliwa, alinyoosha mkono akatoa uhai wake mbele ya watu wote, na kama hapakuwa na yeyote wa kuupokea, yeye aliutoa vilevile.